Philly Lutaaya: mwanamuziki aliyesimama hadharani na kuutaja ugonjwa wake

Kila mwaka ikifika Desemba, redio za Uganda hupiga nyimbo za Krismasi za mtu mmoja. Zinasikika madukani, ndani ya teksi na majumbani, na watoto waliozaliwa juzi wanaziimba kama walizaliwa nazo. Mwimbaji huyo ni Philly Bongoley Lutaaya. Alifariki dunia tarehe 15 Desemba 1989, siku 10 tu kabla ya Krismasi, akiwa na umri wa miaka 38.

Huku kwetu Bonde la Kilombero, wazee waliokuwa wakisikiliza redio za nje enzi hizo huenda wanalikumbuka jina lake. Vijana wengi hawalijui. Hata mimi mwaka ule wa 1989 nilikuwa bado sijazaliwa, na nilimfahamu kupitia kazi hii ya redio. Lakini Lutaaya anatajwa kuwa mtu maarufu wa kwanza barani Afrika kusimama mbele ya watu na kusema kwa kinywa chake kwamba ana Ukimwi. Alisema hivyo wakati hapakuwa na dawa ya kumwokoa, na wakati mgonjwa wa Ukimwi alikuwa akifichwa chumba cha nyuma hadi siku ya mazishi.

Tunaisimulia habari yake leo kwa sababu moja. Kila tunapoikaribia tarehe 1 Desemba, Siku ya Ukimwi Duniani, ujumbe unaoingia studio kutoka Kidatu, Mkamba, Ruaha na Ifakara huwa na swali lilelile. Mtu amepima, amekutwa na virusi, na anauliza amwambie nani. Wengi wanaouliza ni vijana. Lutaaya aliulizwa swali hilo na maisha, na alilijibu kwa namna iliyomgharimu sana.

Kijana wa muziki

Lutaaya alizaliwa Uganda mwezi Oktoba 1951. Kwao ni Gomba, magharibi mwa Kampala, katika nchi ya Buganda. Aliingia kwenye muziki mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa bado mvulana, na baadaye akawa mmoja wa vijana wa Cranes Band, bendi iliyokuwa na jina kubwa Kampala. Kutoka kwenye bendi hiyo ndiko walikotoka baadhi ya waanzilishi wa Afrigo Band, ambayo imeendelea kupiga muziki kwa miongo mingi.

Miaka ya 1970 haikuwa rahisi kwa mwanamuziki wa Uganda. Nchi ilikuwa chini ya utawala wa Idi Amin, na wasanii wengi walitawanyika kutafuta riziki nchi za jirani. Lutaaya naye alifanya kazi Kenya. Nairobi wakati huo ilikuwa na studio, mahoteli na kumbi za dansi, na mwanamuziki kutoka Tanzania, Uganda au Kongo aliweza kupata pa kupiga.

Miaka ya 1980 alihamia Sweden, akaishi Stockholm. Huko ndiko alikorekodi albamu iliyompa jina, Born in Africa. Maana yake ni kuzaliwa Afrika, na wimbo uliobeba jina hilo ni wa mtu aliye mbali na nyumbani anayejivunia alikotoka. Ulipofika Uganda ulipokewa kwa shangwe. Nchi ilikuwa imetoka vitani, serikali ya Yoweri Museveni ilikuwa imeingia madarakani Januari 1986, na watu walikuwa na kiu ya kusikia jambo zuri kuhusu wao wenyewe. Albamu yake ya Krismasi nayo ikaingia kila nyumba. Kufikia mwisho wa muongo ule, Lutaaya alikuwa nyota. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, alikuwa na familia na watoto, na kazi yake ilikuwa imefika kileleni.

Ugonjwa uliopewa majina ya kuuficha

Ili tuelewe alichokifanya, turudi kidogo nyuma.

Mwaka 1982, kwenye kijiji cha wavuvi cha Kasensero, wilaya ya Rakai kusini mwa Uganda, watu walianza kufa kwa ugonjwa ambao haukueleweka. Walikonda, waliharisha, walipata vidonda, na dawa hazikuwasaidia. Waganda wakauita Slim, kwa kuwa mgonjwa alibaki mifupa. Upande wa pili wa mpaka, mkoani Kagera, wagonjwa wa kwanza wa Tanzania waliripotiwa mwaka 1983. Huko watu waliuita Juliana, jina la nguo za mtindo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Kufikia mwaka 1986, mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa.

Angalia majina yenyewe. Hakuna aliyetaka kuutaja ugonjwa kwa jina lake. Hata baadaye, lilipopatikana jina rasmi la Ukimwi, vijana wa mitaani walitafuta ya kwao. Walisema fulani ana ngoma, au amekanyaga miwaya. Hapa Kidatu, ambako nguzo za umeme zinaanzia kwenye mitambo ya bwawa na kupanda milima kwenda kuwasha taa za mikoa mingine, msemo huo wa miwaya tunauelewa vizuri kuliko wengine: aliyeikanyaga haponi.

Ukimya haukuwa wa watu wadogo peke yao. Viongozi wa Afrika nao waliuogopa. Mmoja aliyethubutu ni Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, ambaye mwezi Oktoba 1987 alitangaza kwamba mwanawe aliyefariki mwishoni mwa 1986 aliuawa na Ukimwi. Mwaka huohuo wa 1987 Franco Luambo Makiadi wa TP OK Jazz alitoa wimbo mrefu wa kuonya watu juu ya Ukimwi. Na pale Kampala, Noerine Kaleeba, aliyempoteza mumewe kwa ugonjwa huo Januari 1987, alikusanyika na wenzake wakaanzisha shirika la TASO la kuwahudumia wagonjwa.

Hayo yote yalikuwa hatua kubwa. Lakini Kaunda alimzungumzia mwanawe aliyekwisha kuzikwa, na Franco aliimba onyo. Kilichokosekana ni mtu anayejulikana, aliye hai, mwenye afya ya kuonekana, wa kusema kwamba mgonjwa ni yeye.

Aprili 1989

Lutaaya alipata majibu ya vipimo akiwa Sweden. Angeweza kunyamaza. Alikuwa mbali na nyumbani, katika nchi yenye hospitali nzuri na sheria za kulinda siri ya mgonjwa. Angeendelea kutoa nyimbo hadi nguvu zimwishie, halafu familia ingesema alikufa kwa homa ya mapafu au malaria, kama familia nyingi zilivyosema wakati ule.

Hakuchagua njia hiyo. Mwezi Aprili 1989 alitangaza mbele ya umma nchini Uganda kwamba ana Ukimwi. Kisha, badala ya kurudi kujificha, akaanza kuzunguka. Alikwenda shuleni, vyuoni na makanisani. Aliimba kidogo, aliongea zaidi. Aliwaeleza vijana jinsi ugonjwa unavyoambukizwa na usivyoambukizwa, na aliwataka wamtazame vizuri, kwa sababu alivyoonekana siku ile ndivyo mtu mwenye virusi anavyoonekana kwa miaka mingi.

Hapo ndipo palipokuwa na somo zito. Virusi vya Ukimwi, VVU, vikiingia mwilini havimlazi mtu kesho yake. Bila dawa, mtu mzima hukaa wastani wa miaka kama 10 kabla ya kuanza kuugua sana. Muda wote huo ananawiri, anafanya kazi, anacheza mpira na anaweza kuambukiza. Watu wa 1989 walidhani wanaweza kumtambua mwenye ugonjwa kwa kumtazama. Lutaaya, aliyekuwa bado na mwili na sauti, aliuvunja uongo huo kwa kusimama tu mbele yao.

Walisema amelipwa

Ungetarajia watu walie naye. Wapo waliolia. Lakini wengi hawakumwamini kabisa.

Ilisemwa kwamba ni ujanja wa kuuza kanda. Ilisemwa amehongwa na wazungu ili awatishe Waafrika wasizae. Walimtazama, wakaona mtu mzima mwenye nguvu anayepanda jukwaani, wakahitimisha kwamba anaigiza. Kwa mtu aliyekuwa amevua heshima yake mbele ya nchi nzima, kuitwa mwongo kulikuwa kidonda juu ya kidonda. Na wale walioamini, baadhi yao walimkwepa, maana bado watu waliogopa kugusana na mgonjwa au kunywa kikombe kimoja naye.

Tusisahau pia upande wa nyumbani. Mtu akijitangaza, hajitangazi peke yake. Ana wazazi, ana mwenza, ana watoto wanaokwenda shule na kunyooshewa vidole. Sauti yake ilipotoka redioni, jina la ukoo mzima lilitoka nayo. Tunapomsifu Lutaaya leo, ni haki kukumbuka kwamba sehemu ya gharama ililipwa na watu ambao majina yao hayako kwenye mabango.

Aliendelea hivyohivyo. Mwaka huohuo wa 1989 alirekodi nyimbo zilizozungumzia hali yake. Ulio maarufu zaidi unaitwa Alone, yaani peke yangu. Ni wimbo wa mgonjwa anayehisi upweke na hofu, lakini haukuishia kwenye kilio, kwa sababu unawaita wengine wasimame pamoja. Hadi leo wimbo huo hupigwa kwenye mikutano ya Ukimwi Afrika Mashariki, na hata asiyeelewa maneno yake huona uzito wa sauti.

Mtengeneza filamu wa Canada, John Zaritsky, alimfuata na kamera katika miezi hiyo. Filamu hiyo, iliyobeba jina la wimbo Born in Africa, ilionyeshwa nje ya nchi mwaka 1990, Lutaaya akiwa amekwisha kuzikwa. Inamwonyesha akiwa na nguvu, na baadaye akiwa amedhoofu. Alikubali kurekodiwa katika hali zote mbili, na hilo nalo lilikuwa uamuzi mgumu kwa mtu aliyekuwa akiishi kwa kupendeza jukwaani.

Safari ya mwisho

Kwa nini hakutibiwa? Swali hili vijana wa sasa huuliza, kwa kuwa wamekua wakiona watu wakimeza vidonge na kuishi.

Mwaka 1989 dawa iliyokuwepo ilikuwa moja, AZT, iliyoidhinishwa Marekani mwezi Machi 1987. Ilikuwa ghali mno, na ikitumika peke yake virusi hujifunza kuikwepa baada ya muda. Njia ya kuchanganya dawa tatu, ambayo ndiyo iliyogeuza mambo, ilianza kutumika mwaka 1996. Lutaaya alikuwa amekufa miaka 7 kabla yake. Aliposimama Aprili 1989 alijua anakokwenda, na alijua hakuna daktari wa kumrudisha.

Mwishoni mwa mwaka hali ilipokuwa mbaya, alirudi kutoka Sweden ili afie nyumbani. Waliokuwa wakisema anaigiza waliona mwili wake, wakanyamaza. Alilazwa Hospitali ya Nsambya jijini Kampala, na hapo akafariki tarehe 15 Desemba 1989. Kutoka tangazo lake hadi kifo ilikuwa miezi 8 tu. Alizikwa kwao Gomba, eneo la Kanoni.

Alichokiacha

Baada ya kifo chake, Waganda wenye VVU waliendeleza njia aliyoifungua. Kundi lililopewa jina lake, Philly Lutaaya Initiative, liliwapeleka watu wanaoishi na virusi mashuleni na vijijini kutoa ushuhuda wao wenyewe. Tarehe 17 Oktoba kila mwaka Uganda humkumbuka kwa siku maalumu.

Maambukizi Uganda yalifika kilele mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha yakashuka sana katika muongo uliofuata, na nchi hiyo ikawa mfano uliosomwa duniani kote. Hatuwezi kusema ni kazi ya mtu mmoja. Serikali ilizungumza waziwazi, makanisa na misikiti iliingia, TASO na mashirika mengine yalihudumia wagonjwa, na vifo vyenyewe vilikuwa vingi mno. Lakini ni vigumu kuisimulia historia hiyo bila kumtaja mwanamuziki aliyewapa watu sura na jina la kulijua janga lile.

Nje ya Afrika Mashariki, vijana wengine walisimama kwa namna yao. Ryan White, mvulana wa Marekani aliyeambukizwa kupitia dawa zilizotokana na damu, alikataliwa shuleni kwake jimboni Indiana, akapigania haki ya kusoma hadi alipokufa Aprili 1990 akiwa na miaka 18. Nkosi Johnson wa Afrika Kusini, aliyezaliwa na virusi, alihutubia mkutano wa kimataifa wa Ukimwi mjini Durban mwaka 2000 akiwa na miaka 11, akafariki Juni 1 mwaka uliofuata. Wote hawa walikuwa wakifa, na wote walitumia muda uliobaki kuwatetea wengine.

Kutoka Nsambya hadi Ifakara

Hospitali aliyofia Lutaaya ina jina kamili la Mtakatifu Fransisko, Nsambya. Kilomita kama 67 kutoka hapa Kidatu kuna hospitali nyingine yenye jina hilohilo, Mtakatifu Fransisko ya Ifakara. Kuanzia mwaka 2004 na 2005, kliniki ya hospitali hiyo imekuwa miongoni mwa za mwanzo vijijini Tanzania kutoa dawa za kufubaza VVU. Wagonjwa wa Kilombero na Ulanga wameandikishwa na kufuatiliwa hapo kwa miaka mingi, na taarifa zao, bila majina, zimewasaidia madaktari wa nchi nyingi.

Na bonde letu lililihitaji hilo. Kidatu ni mahali pa watu wanaopita. Reli ya TAZARA inapita hapa, barabara ya Mikumi kwenda Ifakara inapita hapa, na kila msimu wa kukata miwa huleta vijana kutoka mikoa mingine kuja mashambani, wakiwa mbali na wake zao na wazazi wao, wakiwa na fedha mkononi siku ya mshahara. Kokote duniani, virusi hivi vimefuata njia za watu.

Lakini tofauti kati ya Nsambya ya 1989 na Ifakara ya leo ni kubwa. Tanzania ilianza kutoa ARV bila malipo mwaka 2004. Utafiti wa kitaifa wa 2003 na 2004 ulikuta maambukizi ya asilimia 7 kwa watu wa miaka 15 hadi 49. Ule wa 2022 na 2023 ulikuta asilimia 4.4 kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Leo mwenye VVU anayemeza dawa kila siku bila kuruka anaweza kuzeeka na kuona wajukuu. Virusi vikishuka hadi kutoonekana kwenye kipimo cha wingi wa virusi, na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Sheria inalinda siri ya majibu yako, na tangu marekebisho ya mwaka 2019 kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila kusubiri ruhusa ya mzazi.

Kwa hiyo tunarudi kwenye swali la wasikilizaji wetu: nimwambie nani?

Habari ya Lutaaya haimdai mtu apande jukwaani. Yeye alikuwa na jina, kipaza sauti na miezi michache, akavitumia. Kijana wa Kidatu hana deni la kuitangazia Kidatu nzima. Anachohitaji ni watu wachache: mhudumu wa kliniki ya CTC, mwenza wake, na ndugu au rafiki mmoja anayeweza kumkumbusha dawa na kumsindikiza siku ya kliniki. Anayekunywa vidonge kwa kujificha chooni, akaacha siku mgeni alipokuja kulala chumbani, ndiye anayekufa kwa ukimya uleule ambao Lutaaya aliupinga.

Na sisi tusio wagonjwa tuna sehemu yetu pia. Waliomwita mwongo mwaka 1989 hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na hofu, na hofu iliwafanya wamwache peke yake. Ukiona kopo la dawa la mwenzako, au ukimkuta kwenye foleni ya CTC, unachosema jioni ile kijiweni kinaweza kumfanya arudi kliniki mwezi ujao au asirudi tena.

Desemba hii, ukisikia sauti ya Philly Lutaaya ikiimba Krismasi redioni, sasa unajua ni nani. Na kama hujapima, kituo cha afya kilicho karibu nawe kinapima bure.